Deni la mapazia nililolipwa kwa kulala jirani na kiboko

Saa nane usiku nilishtuka nikasikia mtu anachana kitambaa. Mi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na nne huu, hiyo sauti naijua hata nikiwa na homa, krrap, inatulia kidogo, krrap, yaani kabisa kama mtu kashika jora la kaki anachana kwa mikono bila mkasi, na kwa vile mapazia yote ya kile chumba niliyashona mwenyewe wazo la kwanza kunijia ni kwamba kuna mwizi anachana mapazia yangu. Nikamgusa mdogo wangu, akasema dada lala, upepo huo. Haukuwa upepo. Alikuwa kiboko anakula majani, hatua kama kumi kutoka kitandani kwetu, na kati yetu na yeye kulikuwa na turubai basi.

Ngoja nirudi nyuma maana mtajiuliza fundi wa Kirumba, hapa Mwanza, kafikaje kwenye hoteli ya dola 260 kwa usiku, tena kwa kichwa.

Mwaka ule nilipata kazi ya kushona mapazia ya hoteli moja ndogo ya kifahari iliyoko ufukweni mwa Ziwa Victoria, barabara ya kwenda Musoma, ukishapita Magu unaelekea Lamadi. Jina naliacha. Ina vyumba saba tu, sio vyumba vya matofali, ni mahema ya turubai zito yaliyosimamishwa juu ya jukwaa la mbao, ndani kuna kitanda cha wafalme na bafu la maji moto, mbele kuna kibaraza unaangalia ziwa. Kazi ilikuwa mapazia yote, foronya, mito ya viti vya nje, na viraka kwenye vyandarua. Mi nilivyoenda kupima nikapendekeza mito ya bluu iliyokoza, nikasema itapendeza na rangi ya maji, meneja, dada mmoja mpole sana, akakataa katakata, akaniambia ile mito mingine huwa wanaitandika kwenye gari la kupeleka wageni Serengeti na mbung'o wanapenda sana bluu na nyeusi, ndo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Miaka yote hiyo nashona sikuwahi kuwaza kitambaa kwa macho ya mdudu. Tukaenda na rangi ya udongo.

Nikapewa nusu, nikashona, nikapeleka. Iliyobaki ilikuwa 640,000. Hapo ndo ngoma ikaanza, wiki ijayo dada, wiki ijayo dada, mara mvua za masika zimeshika wageni hamna, mpaka mwezi wa nne meneja akanipigia kwa sauti ya aibu kabisa, hela haijakaa sawa lakini vyumba viko vitupu, njoo na mwenzio mlale siku mbili, kula kulala juu yetu, tulifute hilo deni. Nilitaka kukata simu. Fremu yangu nalipia 150,000 kwa mwezi, na yule baba wa vitambaa pale mjini nilikuwa bado namdai, samahani, yeye ndo alikuwa ananidai mimi, majora mawili. Ila mdogo wangu, yuko chuo, alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha wateja anasikia kila kitu, akasema dada hiyo laki sita utaila kwa luku na dagaa na mwezi wa sita utakuwa hukumbuki imeenda wapi. Nikakubali. Mpaka leo sijui kama nilifanya akili. Kama wewe ni fundi mwenzangu na mtu anataka kukulipa kwa kukulaza, hakikisha kwanza kitambaa umeshakilipia, mengine mtajuana.

Tukapanda gari Buzuruga, Kisesa, Magu, tukashuka tukachukua bodaboda mbili. Mdogo wangu kavaa wigi jipya na miwani, mkononi kabeba mfuko wa chapati na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, eti hoteli za wazungu wanaweka chakula kidogo kwenye sahani kubwa. Njia nzima ananiambia kuhusu ile hoteli ya Nairobi, Giraffe Manor, ambayo wote tumeiona kwenye simu, ile nyumba ya zamani ya mwaka 1932 ambapo twiga wanaingiza shingo dirishani watu wakinywa chai ya asubuhi na kuokota chakula mezani. Kichwani kwake alikuwa ameshapiga hiyo picha, kilichobaki kilikuwa ni mnyama tu.

Tulipofika tukapewa juisi ya ukwaju na kitaulo kimoja kimoja cha baridi kimeviringishwa kama sambusa. Mdogo wangu akafuta uso vizuri kama aliyezaliwa huko. Mi nikakikunjua nikaangalia pindo. Limeshonwa hovyo, uzi unaning'inia. Halafu wakaleta karatasi ya kusaini, kwa Kiingereza, mdogo wangu kasaini bila kusoma, mi nikaisoma mara mbili kwa sababu karatasi zimeshaniliza sana mjini. Ilikuwa inasema wanyama wa hapa ni wa porini, wanatembea wanavyotaka ndani ya eneo la hoteli, hapana uzio, na mgeni amekuja kwa hiari yake, likimkuta jambo hoteli haihusiki. Yaani hela yote ile na kitu cha kwanza unachopewa baada ya juisi ni hicho. Nikauliza je, kuna watu wanakataa kusaini? Yule kijana wa mapokezi akacheka akasema dada, wengi wanaipiga picha.

Masharti yalikuwa matatu. Usiweke chakula chumbani, hasa matunda. Zipu ya hema ifungwe mpaka chini hata ukitoka dakika mbili. Na kuanzia jua likizama usitembee peke yako hata hatua tano, unapuliza filimbi iliyoko kando ya kitanda anakuja askari na tochi kukuchukua. Masharti mepesi kabisa, na sisi tukayavunja yote ndani ya saa ishirini na nne.

Askari mwenyewe alikuwa mzee wa pale pale jirani, koti refu la mvua, buti, tochi kubwa, rungu. Nilipomwamkia akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na mimi kusikia mtu ananiita mayu kwenye sehemu ambayo nilikuwa najiona kama nimevamia, nikatulia. Akatupeleka kula. Njiani mdogo wangu akamuuliza, mzee, hivi hawa wanyama wanazoea watu, kama wale twiga wa Nairobi? Mzee akatembea kidogo bila kujibu halafu akasema, hao twiga wamelelewa na watu, wanajua mkono una chakula. Huyu wa hapa hakulelewa na mtu.

Chakula kilikuwa sato. Sato yule yule tunayemnunua soko la samaki la Mwaloni, kaondolewa mifupa, kalazwa juu ya viazi vilivyopondwa, kamwagiwa kitu cha kijani. Mtamu, siwezi kusema uongo, ila sato bila mifupa unamaliza haraka mno, unabaki unaangalia sahani kama umeibiwa.

Sasa turudi usiku. Mdogo wangu kuambiwa ni kiboko hakuwa tena na usingizi. Akachukua simu. Nikamwambia usifungue zipu, akasema nafungua kidogo tu, nipate sauti. Nikasikia zipu inashuka, halafu ubao wa jukwaa ukalia, halafu wa pili, na mi nimekaa kitandani mdomo umekauka. Naomba mnielewe hapa. Mi nimezaliwa Ukerewe. Baba yetu mdogo alikuwa mvuvi na nikiwa darasa la tatu kiboko aliupindua mtumbwi wao alfajiri, yeye alitoka na mguu umevunjika sehemu mbili, mwenzake hakutoka. Hajawahi kutusimulia. Tunachojua ni kwamba mtumbwi mwingine uliobaki aliuuza mwezi ule ule, akahamia Mwanza akawa anauza dagaa wa jumla, na mpaka leo kwenye kivuko anakaa katikati, hakai pembeni. Mdogo wangu kazaliwa mjini tukiwa tumeshahama. Kwake yeye baba mdogo anachechemea tu, ndivyo alivyo. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamweleza, na mimi nikiwemo.

Basi ule mlio wa kuchana ukakata.

Nikasikia flashi, yaani niliona turubai limewaka nyeupe mara moja. Halafu kimya ambacho hata vyura walikaa kimya. Nikatoka mpaka kwenye zipu nikachungulia, mdogo wangu ameshashuka ngazi zote mbili, yuko kwenye nyasi miguu peku na gauni la kulalia, na mbele yake kuna kitu kama gari dogo limezimwa taa. Nilitaka kuita jina lake na sauti ikagoma.

Aliyeongea ni mzee. Hata sikumwona amesimama wapi. Hakupiga kelele, aliongea kama mtu anayeongea na mtoto aliyelala, "Mayu. Usikimbie. Rudi nyuma, polepole, usimpe mgongo." Tochi yake akaielekeza chini kwenye majani, hakummulika yule mnyama machoni, na huku anaongea alikuwa anasogea upande wa kushoto kidogo kidogo, mi nikadhani anaogopa, kumbe alikuwa anamfungulia njia ya kwenda majini. Mdogo wangu akarudi hatua moja, mbili, kisigino kikagonga ngazi, akakaa. Yule kiboko akatoa pumzi, puuuuh, hiyo pumzi niliisikia usoni au niseme nilidhani nimeisikia, halafu akageuka akaenda, na kwa ule mwili wote nilitegemea kishindo, wapi, alienda kimya kabisa, nikasikia tu maji yamepokea.

Mzee akaja mpaka kwenye ngazi. Hakumgombeza. Akaniuliza mimi, "Huyu ni mdogo wako?" Nikasema ndio. Akasema, "Haya, kalaleni." Hilo lilinichoma kuliko kama angetutukana.

Asubuhi alitupeleka kutuonesha. Kumbe kati ya hema letu na la jirani kuna barabara ya kiboko, mistari miwili imechimbika kwenye udongo kama ya matairi na katikati kuna tuta lenye nyasi, kwa sababu miguu ya kushoto inapita huku na ya kulia kule, na wanapita pale pale miaka nenda rudi. Pembeni kuna kichaka kimetapakaa kinyesi, akatuambia anatupa na mkia anapepea hivi, ndo kuandika jina lake. Akasema akishatoka majini jua likizama anaweza kutembea mbali kutafuta majani, hapo akikutana na wewe anaweza akakupita, ila ukikaa kati yake na ziwa ndo unakuwa umemfungia mlango wa kwake. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni kabisa. Na usidanganyike na tumbo, akasema, huyu hushindani naye mbio. Baadaye nikatafuta kwenye simu, anafika kilomita 30 kwa saa, na kwa usiku mmoja anakula majani kama kilo 40. Hiyo kuchana niliyoisikia ni kwa sababu hakati majani kwa meno, anayabana na midomo, ile midomo mipana, anayakata kwa kuvuta.

Ile video ipo. Sekunde kumi na moja, nyeusi tupu, unasikia pumzi na "mayu, usikimbie". Aliiweka wasapu, watu wakamuuliza ni nini hicho, tangazo la dini?

Siku ya pili tukavunja na lile sharti la chakula. Zile ndizi. Tulikuwa tumezificha kwenye begi chini ya kitanda, tukaenda kunywa chai, tukarudi tukakuta tumbili wanne wako kibarazani, mmoja anamenya ndizi taratibu kama mzee wa kanisa, na wavu wa dirisha umechanika kutoka kona mpaka kona. Wavu ambao nilishona mimi. Na mshono haukuachia, nataka hilo lijulikane, mshono umeshika vizuri kabisa, wamechana wavu wenyewe pembeni ya mshono. Chapati waliibeba mfuko mzima. Basi mimi mgeni wa dola 260 nikaomba sindano na uzi jikoni, nikakaa kwenye kiti cha kibarazani mchana mzima natia kiraka, na niwaambie ukweli huo ndo mchana nilioufurahia kuliko wote, ziwa liko pale mbele, furukombe anapiga kelele juu ya mti, kwa mbali wale wadudu wa ziwani wameinuka kama moshi wa treni, na mikono yangu ina kazi.

Tulikuwa na mgeni mwenzetu mmoja tu, mzee wa Kijerumani. Yeye niliona amelala kifudifudi juu ya jiwe, jua kali, kamera imeelekezwa kwenye ufa. Nikajua kaona nyoka. Kumbe ni mjusi. Yule mjusi wetu wa kwenye mawe, wa kichwa na mabega ya rangi ya waridi kama nyekundu hivi na chini bluu, ambao pale Mabatini na Bugando milimani wamejaa, sisi utotoni tuliwapiga mawe na mama akiwaona ukutani anachukua ufagio. Mzee akanionesha kwenye kitabu chake jina la kitaalamu, Agama mwanzae. Mwanzae! Yaani umepewa jina la mji wetu na sisi tunakutoa na fagio. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza kama Mwanza wapo wengi, nikamwambia babu, njoo nyumbani kwangu utawahesabu uchoke. Akacheka, ila niliona anafikiria kweli.

Hapo nikamkumbuka Saanane. Sisi tuliokulia Mwanza mnyama wa porini tulimjua Saanane, kile kisiwa pale karibu kabisa na mjini, shuleni tunapelekwa na boti. Kimepewa jina la mzee aliyekuwa anaishi na kulima na kuvua pale, mwaka 1964 serikali ikamhamisha ikaweka bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na 2013 ikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote. Utotoni nilikuwa namuona simba yuko nyuma ya nondo nasema wanyama wana raha hawalimi. Sasa hivi kila nikisikia jina la kile kisiwa nawaza huyo mzee alibeba nini kwenye mtumbwi siku ya kuondoka.

Jioni ya mwisho nilipuliza filimbi mapema, saa kumi na mbili na nusu, tukakaa na askari kwenye ngazi kabla ya kwenda kula. Nikamuuliza kwake ni wapi. Akanyoosha mkono, huko huko tu, nyuma ya kilima. Ana ekari mbili na nusu, mahindi na mpunga kidogo kwenye bonde. Nikasema basi hao viboko wanakujua. Akasema sana, wanatoka hapa wakimaliza majani ya wageni wanakuja kwangu, na upande wa pili tembo wanatoka hifadhini, wakiingia usiku mmoja asubuhi unakuta shamba limefagiliwa. Kuna kifuta jasho cha serikali, kinahesabiwa kwa ekari, ila mahindi ukiyalilia kwa ekari hayarudi. Nikauliza sasa wewe uko hapa usiku kucha, kule nani anafukuza? Akasema mama watoto. Na debe na tochi. Akasema hapa nalipwa nisimpigie kelele ili mgeni asikie anavyokula, nyumbani mwenzangu anapiga debe mpaka mkono unauma, na ni mnyama yule yule, nikimwona asubuhi namjua kwa kovu la mgongoni.

Alilisema hivyo bila hasira, kama anavyosema mvua itanyesha. Mdogo wangu, ambaye tangu ule usiku alikuwa hasemi sana, ndo akamuuliza swali la maana kuliko yote niliyouliza mimi: kwani mama akikutana naye uso kwa uso, nani anamwambia arudi nyuma polepole?

Mzee akawasha tochi akaizima. Akasema, anajua.

Halafu akaniuliza mimi, mayu, wewe si fundi, vile vipande vinavyobaki ukikata nguo unapeleka wapi? Nikasema natupa, vingine nawapa mama ntilie wanashikia sufuria. Akaniambia anavihitaji, vya pamba, sio hivi vya nailoni. Unazungusha kamba shambani kwenye nguzo, unafunga vipande vya nguo, unavichovya kwenye oili chafu ya gari iliyochanganywa na pilipili iliyosagwa, tembo akifika akinusa ile harufu anageuka. Kwa kiboko sio sana, akasema, kiboko ni debe tu. Ila tembo anageuka, na mvua ikinyesha unachovya upya, na vipande vinaoza inabidi vingine.

Njiani kurudi mdogo wangu alilala Magu mpaka Igoma, wigi liko kwenye mfuko. Nilimsimulia habari ya baba mdogo tulivyoshuka Buzuruga, tumesimama pale kwenye mihogo ya kuchoma, hakusema kitu, jumamosi yake nikasikia kaenda Mwaloni kukaa naye kwenye kibanda cha dagaa, na hilo nilikuwa sijamwambia afanye.

Vipande nilimpelekea gunia zima wiki iliyofuata, nikampa konda wa basi la Musoma ashushe Lamadi, elfu tatu. Vitenge, mashuka, bitana, hata yale masalia ya bluu niliyokatazwa. Tangu hapo kila nikifagia chini ya cherehani natenga vya pamba kando. Majuzi kanipigia, salamu ndefu, mwangaluka, mhola, watoto, kazi, halafu akaja kwenye shida yake, vile vizito vya pazia ndo vimedumu sana, vinashika oili, je sina vingine. Nikamwambia mzee, mwambie meneja aagize mapazia mapya, ila safari hii alipe kwa hela.